Miti kwenye malisho: shajara ya shamba letu, Nachingwea

14 Oktoba 2023

Leo tumemfukia Zabibu. Ni ng'ombe wa nne tangu Septemba ianze. Bwana mifugo alimpima na hakuona ugonjwa. "Mama, huyu amekufa njaa," akasema, na mimi nilikuwa nimeshajua, mbavu zake nilikuwa nazihesabu tangu mwezi uliopita.

Naanza kuandika leo ili mwakani nisijidanganye. Shamba lina ekari 46. Ng'ombe waliobaki ni 31 pamoja na ndama, mbuzi ni 18. Upande wa magharibi kuna mikorosho ya mjomba, upande wa kaskazini kuna korongo lenye maji hadi mwezi wa saba. Katikati ni nyasi, na kuanzia Agosti nyasi hizo ni mabua tu. Kivuli cha maana ni mkongo mmoja, na saa sita mchana utakuta kundi zima limebanana chini yake likihema. Lile eneo ng'ombe hawali, wanasimama tu.

Mjomba anasema msitu wa hapa uliondoka kwa siku chache. Ni zile karanga za Waingereza, 1947 hadi 1951, walipoleta matingatinga na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta kuja kung'oa pori la Nachingwea. Karanga zikashindikana wakaenda zao. Baadaye wenyeji walilima mihogo, ufuta, wakakata kuni, wakachoma. Kila niliposikia hadithi hii nilidhani ni ya kale. Sasa naona ndiyo iliyomuua Zabibu, au tuseme ilichangia. Mengine ni uzembe wangu wa kutokuweka akiba ya majani.

Nia: kurudisha miti ndani ya malisho, ekari 12 za kuanzia. Miti ya majani na maganda ya kulisha kiangazi, na kivuli kilichosambaa ili ng'ombe wale mchana badala ya kubanana.

22 Oktoba

Ardhi hii ni ya upande wa mama, kwa hiyo huwezi kuchimba shimo hata moja bila mjomba. Nimekwenda na sukari na kilo mbili za mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Mpwa wangu, unataka kunirudishia mbung'o?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa kijana wakati korongo lile bado lina kichaka pande zote mbili, na ng'ombe wa kwanza wa babu waliisha wote kwa ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Watu wa huku wengi hawakufuga kwa sababu hiyo hiyo. Kwake yeye, kusafisha pori ndiko kulikoleta maziwa. Nikarudi nyumbani na mchele umepokelewa, ruhusa haijatolewa.

29 Oktoba

Mchungaji wetu ni Msukuma, mtu wa makamo. Alifika Lindi 2007 na mifugo ya tajiri mmoja, kwenye ile hamahama ya wafugaji waliotolewa bonde la Ihefu. Kijijini wanamwita mharibifu wa mazingira kwa utani ambao si utani. Nilimweleza swali la mjomba.

Akacheka. Akasema kwao Shinyanga walishamaliza darasa hilo. Enzi za Waingereza watu walihimizwa kufyeka miti ili mbung'o wakose makazi, na kweli mbung'o wakaondoka. Pamba na mifugo vikaongezeka, miti ikaisha, na baba yake alichunga kwenye vumbi tupu. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilichofanya kazi, anasema, hakikuwa vitalu vya mradi. Ni ngitili, jambo walilolijua wenyewe: unafunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, hakuna mnyama kuingia, unakifungua kiangazi kikikaza. Nyasi zinabaki zimesimama kama nyasi kavu ghalani, na visiki vilivyokuwa vinatafunwa kila siku vinapata nafasi ya kuinuka. Laki kadhaa za hekta zimerudi kule kwa njia hiyo.

"Na mbung'o?" nikamuuliza.

"Mbung'o anapenda kichaka, Mama. Mti wenye miguu mitupu haupendi."

Maneno hayo nimemfikishia mjomba kama yalivyo. Amekubali ekari 12, mbali na korongo, kwa sharti kwamba mbung'o wakiongezeka tunafyeka. Sharti tumeliandika.

18 Novemba

Kitalu kiko nyuma ya jikoni, viriba 440. Mbegu za lusina, mti wa majani ya kulisha mifugo, nilizimwagia maji ya moto (yasiwe ya kuchemka kabisa), nikaziacha zilale humo usiku, asubuhi nyingi zilikuwa zimevimba. Mkongo nimeuokota chini ya mti wenyewe, zile mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu ambazo watoto huchezea. Nilizisugua ncha kwa tupa moja moja mpaka kidole kikapata lengelenge. Mkwaju na mgunga havikunisumbua.

Mchungaji ananitazama nikimwagilia na hasemi kitu. Najua anachofikiri.

20 Desemba

Mvua imekolea. Tumepanda siku nne, watu sita. Jumla 640: lusina 250, mgunga 80, mkongo 60, mkwaju 50, na vijiti 200 vya glirisidia vya urefu wa mita moja na nusu, vilivyochomekwa mpakani kuwa uzio hai. Mistari ya lusina imeachana mita kumi ili nyasi zipate jua.

Ngitili yetu, zile ekari 12, imefungwa rasmi leo kwa kamba ya katani na matawi ya miiba.

11 Januari 2024

Mbuzi. Sitaki kuandika mengi. Mtoto aliacha lango, mbuzi 18 wakaingia saa nne, nilipofika saa tano lusina 70 hivi zilikuwa vijiti. Mmoja alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, amekumbatia kijiti cha glirisidia kama mtu anayeaga ndugu stendi.

Dawa ambayo imesaidia, na haikunigharimu hata shilingi: kinyesi kibichi cha ng'ombe kwenye ndoo, maji kidogo, koroga mpaka kiwe kama uji wa ulezi, kisha paka majani kwa ufagio. Mnyama akinusa anageuza kichwa. Mvua ikinyesha unarudia. Mimi na wifi tumerudia mara tano mwezi huu na mikono yetu haikubaliki tena kwenye unga. Miche ya mkongo tumeizungushia miiba ya mkulagembe, kila mmoja na kizizi chake.

3 Machi

Nyasi zimenifika kifuani. Miche haionekani. Palizi kuzunguka kila mche, nusu mita, kazi ya kijinga lakini ya lazima. Mchwa wamekula shingo za migunga mingi.

7 Mei

Kimbunga Hidaya kilifika pwani tarehe 4. Huku bara tulipata mvua zaidi ya upepo, siku mbili bila kukatika, juu ya mvua za El Niño zilizokuwa zimeshalowesha kila kitu. Barabara ya Dar imekatika Somanga, dawa ya kuogeshea niliyoagiza imekwama huko.

Shambani hali ni ya ajabu. Kipande cha chini kisicho na ngitili kimechimbwa mfereji ambao ng'ombe anaweza kulala ndani. Ndani ya ngitili maji yamepita juu ya nyasi zilizolala na kuacha udongo mahali pake, ila mstari wa tatu wa lusina umezama kwenye dimbwi na majani yamekuwa ya njano. Lusina haipendi kusimama kwenye maji. Nililijua hilo, nikapanda pale kwa sababu mstari ulikuwa umenyooka.

16 Julai

Hesabu ya kwanza. Walio hai: lusina 96, glirisidia 151, mkongo 22, mkwaju 31, mgunga 14. Jumla 314 kati ya 640, chini kidogo ya nusu. Kitalu nilichokilipia ziada ya miche ya kuziba mapengo kilileta mzigo Machi mwishoni, viriba vimekauka kama matofali, hiyo sijaihesabu.

Siku hiyo hiyo mtamba mmoja amenuna. Manyoya yamesimama, macho yanatoka machozi, tezi za mbele ya bega zimevimba, anabaki nyuma ya kundi. Bwana mifugo alichukua tone la damu sikioni, akapima, ni ndorobo. Amechomwa sindano.

Jioni mjomba alifika na ile karatasi ya sharti mfukoni.

19 Julai

Badala ya kubishana tumetega. Mitego mitatu ya vitambaa vya buluu na vyeusi iliyoshonwa na wifi kwa kipimo alichotoa bwana mifugo: mmoja korongoni, mmoja katikati ya ngitili, mmoja zizini. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, anaingia, anapanda juu kufuata mwanga, anakutana na chandarua.

Baada ya siku mbili mjomba alikuja kuhesabu mwenyewe, maana kwangu haamini. Alikaa kwenye kigoda, akawamwaga kwenye ungo, akawapanga kwa unyasi. Nzi wa kawaida alimsukuma kando. Mbung'o alimtambua kwa mabawa, yamelaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa, na mdomo umetangulia mbele kama sindano. Korongoni: 27. Zizini: 2. Ngitili: 9.

Tisa si sifuri. Akaniangalia. Tukaenda naye mpaka pale mtego ulipotundikwa na tukaona wote wawili: hatua ishirini kutoka kwenye mtego kuna kichaka cha mkulagembe cha ukubwa wa nyumba, ambacho tulikiacha kwa sababu ndiko tulikokata miiba ya kuzungushia mikongo.

Makubaliano mapya. Mkulagembe ndani ya ngitili unafyekwa wote, na kila mti unapogolewa matawi ya chini mpaka usawa wa kiuno, baadaye kifua. Ng'ombe wanapuliziwa kila wiki mbili, mkazo uwe miguuni na tumboni, kwa sababu mbung'o huuma zaidi huko. Dawa inatumika kidogo kuliko kumlowesha mnyama mzima. Karatasi imerudi mfukoni.

8 Septemba

Moto. Vijana walikuwa wanawinda ndezi ng'ambo ya barabara, upepo wa kusi ukageuka. Tulikuwa tumelima mkingamoto wa mita tano upande wa kusini na magharibi; upande wa mashariki niliamua tusubiri mwezi wa kumi. Moto ulisubiri wapi? Ekari tatu za ngitili zimekwenda ndani ya muda wa kuchemsha chai. Lusina za upande ule hazipo tena, na mikwaju kumi pia. Tulipiga kwa matawi mabichi, mchungaji akaongoza watu kuwasha moto wa kukabiliana, ndio uliokoa zilizobaki.

Usiku nilimwambia mume wangu tuache. Akasema tulale kwanza.

5 Oktoba

Ekari tisa zilizobaki tulizifungua Septemba 20 kwa awamu. Mwaka huu hajafa ng'ombe. Wamekonda, lakini wamesimama. Naandika hivi nikijua mvua zilikuwa nyingi na nyasi zingekuwepo hata bila mimi, sehemu.

Mabibo yameanza kuanguka kwa mjomba. Ng'ombe wetu mmoja mwekundu anajua ratiba ya korosho kuliko chama cha msingi. Jana aliruka uzio, akala mabibo yaliyolala siku tatu juani, akarudi akiyumba na kulala katikati ya njia. Mjomba hakucheka, mnyama akila bibo anameza na korosho yake, na korosho ni hela. Nimelipa kilo mbili. Tumekubaliana mabibo yaliyokwisha kunyongolewa nayachukua kwa ndoo, naanika, nalisha kwa kipimo. Pale mpakani nimeongeza vijiti 60 vya glirisidia, vimebanana zaidi.

2 Desemba

Hili lingenipita kama mchungaji asingenishika mkono.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki mbili zilizopita. Tulikuwa tunapita kwenye ekari zile tatu zilizoungua ili nioneshe wapi pa kupanda upya. Akasema, "Mama, usikanyage." Chini ya mguu wangu kulikuwa na vichipukizi vinne vyekundu, vyembamba, vimetoka kwenye kisiki kilicho chini ya usawa wa ardhi. Msegese. Hatua tatu mbele mwingine. Halafu mgunga. Akafukua kidogo kwa kisu nione: mzizi mnene kama paja langu, mweusi kwa moto wa miaka mingi, na kwenye ukingo wake gome bichi.

Mizizi hii ilikuwa hapa wakati wote. Kila mwaka inachipua, kila mwaka ng'ombe wangu wanatafuna, jembe linakata, moto unamaliza. Mimi napanda lusina juu ya kichwa cha mti mzima.

Tulikata shuka kuukuu nyekundu vipande, tukafunga kila kisiki kinachochipua katika ekari 12. Siku mbili. Vipande viliisha tukaongeza vya khanga. Visiki 417. Mingi ni msegese na mgunga, kuna mikwaju, miombo ya aina mbili ambayo mjomba anaitambua kwa gome, mininga 38, na mipingo 6 iliyojificha kwenye miiba.

Dodoma siku hizi kazi hii wanaiita kisiki hai. Mchungaji haiiti jina lolote.

26 Januari 2025

Namna tunavyofanya, kwa atakayerithi daftari hili: kwenye kila kisiki chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine kata kwa kisu kikali, kata kuelekea juu ili gome lisichanike. Hayo yaliyobaki pogoa nusu ya chini. Ulichokata wape mbuzi. Rudia baada ya miezi mitatu hivi, maana kisiki hakikati tamaa, kinaleta mengine kumi. Mtu mmoja anamaliza visiki 40 kwa asubuhi akiwa hazungumzi sana. Mimi namaliza 25.

Miche ya kununua mwaka huu: sifuri. Nimepanda mikongo 20 tu, kwa sababu naipenda.

9 Juni

Kosa. Mininga ilikuwa imefika magotini, halafu mwezi uliopita ikaanza kunyauka kuanzia juu. Kufikia wiki iliyopita 15 kati ya ile 38 imekauka mpaka chini. Nikamwambia kijana aing'oe aweke miche mingine. Aling'oa mitatu, mjomba akatokea akipiga kelele kutoka kwenye mikorosho yake.

Mninga mchanga ndivyo ulivyo. Miaka ya mwanzo shina linakufa kila kiangazi na kurudi na mvua, huku mzizi unanenepa chini kimyakimya, mpaka mwaka utakapojiona una nguvu ya kupanda moja kwa moja. Inaweza kuchukua miaka mingi. Mjomba, mzee wa mbung'o, ndiye aliyetufundisha. Mitatu ile nimeirudishia udongo, sina matumaini nayo.

Amekaa kivulini akaanza kunihesabia: mninga huu hatutauvuna mimi wala yeye, na hata ukikomaa utahitaji kibali cha misitu kuukata. Nikadhani analalamika. Kumbe anapanga watoto gani wa dada zake wataukuta.

13 Julai

Glirisidia imekuwa uzio kweli, tumeikata mara ya kwanza. Ng'ombe waliikataa kabisa, ina harufu ambayo hata mimi siipendi. Bwana mifugo akasema iache inyauke usiku kucha. Tulifanya hivyo, tukanyunyizia maji ya chumvi, tukachanganya na pumba za mahindi. Siku ya tatu mwekundu mlevi alionja, ya tano wanagombania. Lusina haina shida hiyo, tatizo lake ni kinyume: wanaipenda kupita kiasi, na ina sumu iitwayo mimosini ambayo ikizidi inanyofoa manyoya. Tunaweka chini ya theluthi ya majani ya siku.

Mitego tena, siku mbili kama mwaka jana. Korongoni 31. Zizini 1. Ngitili 3. Mjomba alihesabu mara mbili.

18 Agosti

Tumefungua ngitili leo. Mkingamoto umelimwa pande zote nne tangu Juni.

Tumeigawa vipande vitatu vya ekari nne, kila kimoja wiki tatu. Ng'ombe 34 wanaingia asubuhi. Tulitarajia watoke saa tano kukimbilia mkongo kama kawaida yao. Saa sita na nusu nilikwenda na uji wa mchungaji, nikawakuta bado wanakula, wametawanyika wawili wawili, kila kundi na kivuli chake kidogo kinachoruka na upepo. Misegese mingine imeshanipita kimo. Maganda yake ya kahawia bado machache, tumeokota debe moja na nusu. Yatapondwa na kuwekwa kwa ndama.

Chini ya mkongo mkubwa hakukuwa na mnyama. Kuku wa wifi walikuwa wanachakura pale kwenye samadi ya miaka.

Mtamba yule wa ndorobo anajikuna kwenye mgunga namba 112 na ameshauinamisha. Kesho tuuwekee nguzo, na miiba.